Jembe la Shule, Mavuno ya Nani? Historia Fupi ya Mafunzo ya Bustani Nchini Mwetu

Kila baada ya miongo miwili au mitatu nchi yetu huligundua upya jembe la shule. Safari hii limekuja kwa jina la elimu ya amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na kilimo ni miongoni mwa fani za mkondo huo wa pili. Ndani ya kilimo, tawi linalotajwa kwa matumaini makubwa ni kilimo cha bustani, yaani mboga, matunda, maua na viungo. Sababu zake zinaeleweka. Eneo dogo linatosha, mazao mengi huiva ndani ya miezi michache, na soko lipo, kuanzia genge la mtaani hadi meli inayopeleka maparachichi ng'ambo.

Sina ugomvi na matumaini hayo. Ninachotaka kukumbusha, ndugu msomaji, ni kwamba hatuanzi kwenye ukurasa mtupu. Mafunzo ya bustani kwa vijana yana historia ya zaidi ya miaka 150 katika ardhi hii, na historia hiyo imejaa majaribio yaliyoanza kwa hotuba nzuri yakaishia kwenye magugu. Maelezo yaliyozoeleka ya kufeli huko ni kwamba vijana hawapendi kazi ya mikono, wamedekezwa na vitabu, wanataka ofisi. Nadhani maelezo hayo si ya haki. Ukiifuata historia hatua kwa hatua utaona kwamba vijana, na wazazi wao, wamekuwa wakiuliza maswali mawili ya akili kabisa: mavuno haya ni ya nani, na njia hii inaishia wapi? Palipokuwa na jibu zuri, watu walilima hata bila kufundishwa shuleni. Palipokosekana jibu, hata mwalimu bora hakuweza kuwashawishi.

Mwaka 1868, pwani mbili

Tuanzie Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Unguja miaka mitano kabla, walianzisha misheni yao bara. Sehemu kubwa ya watu wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani: wengine walinunuliwa sokoni Unguja, wengine walikamatwa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa. Pale Bagamoyo palipandwa minazi, miti ya matunda, mboga na mazao ya biashara, na watoto waligawa siku yao kati ya sala, darasa na shamba. Kwa maana halisi, hiyo ndiyo moja ya shule za kwanza za ufundi wa bustani katika mwambao wetu wa bara.

Lakini tazama jinsi watoto walivyopangwa. Wachache walioonekana wepesi wa kujifunza walielekezwa kwenye masomo ya dini na vitabu. Kundi la pili lilipelekwa kwenye ufundi kama useremala na uhunzi. Waliobaki, ambao ndio wengi, walipewa jembe. Kilimo hakikuwa fani ya kuchaguliwa, kilikuwa fungu la aliyebaki. Na aliyebaki alikuwa mtu ambaye jana tu alikuwa mtumwa, na leo alikuwa akilima shamba ambalo si lake chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Haishangazi kwamba baadhi yao walitoroka.

Mwaka huohuo wa 1868, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, jenerali mstaafu Samuel Armstrong alifungua shule ya Hampton katika jimbo la Virginia, Marekani, kwa ajili ya Wamarekani weusi waliotoka utumwani miaka mitatu tu iliyopita. Huko nako wanafunzi walisoma na kulima, na kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya tabia. Mhitimu wa Hampton, Booker T. Washington, aliichukua falsafa hiyo hadi Alabama na mwaka 1881 akaanza shule ya Tuskegee. Miaka kumi na mitano baadaye alimwajiri George Washington Carver, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa utumwani, ambaye aliwafundisha wakulima maskini kurutubisha udongo uliochoshwa na pamba, kupanda mazao ya jamii ya kunde na kuwa na bustani ya chakula nyumbani.

Carver alikuwa mwalimu wa kweli, na maarifa yake yalikuwa ya kweli. Tatizo halikuwa kwake. Wengi wa wakulima aliowafundisha walilima ardhi ya wengine kwa makubaliano ya kugawana mavuno, wakimaliza msimu wakiwa na madeni kwa mwenye shamba. Elimu ya udongo haikuweza kuubadili mkataba wa ardhi. W.E.B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1903, alimshutumu Washington kwa sababu iliyo karibu na hiyo: kumfundisha mtu kazi huku ukinyamazia haki zake za kisiasa na elimu ya juu ni kumwandaa kuwa mtumishi hodari. Mjadala huo wa Wamarekani weusi unatuhusu moja kwa moja, kama tutakavyoona, kwa sababu falsafa ya Hampton ilipanda meli ikaja Afrika Mashariki.

Bustani ya Amani na pamba ya Matumbi

Kabla haijafika, Wajerumani walikuwa wamekwisha kutoa mafunzo yao wenyewe. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Ilikuwa bustani ya ajabu: mimea kutoka mabara yote ya joto ilioteshwa, ikapimwa na kuandikwa. Waafrika walikuwamo ndani ya bustani hiyo kama vibarua na wasaidizi. Mikono yao ilijifunza mengi, lakini taasisi haikuwapo kwa ajili ya kuwaelimisha, na maarifa yaliyokusanywa pale yalilenga mashamba ya walowezi na makampuni.

Miaka hiyohiyo, kusini mwa nchi, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanakijiji kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Watu walilima, wakapalilia, wakavuna, na malipo yakawa kiduchu. Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, upinzani ulianza kwa kitendo kinachostahili kufikiriwa na kila anayepanga mafunzo ya kilimo: watu waling'oa miche ya pamba. Hawakuanza kwa kuchoma ofisi. Walianza na mche, kwa sababu waliujua mche huo kwa jina la kazi isiyo na ujira. Vita vya Maji Maji vina sababu nyingi, lakini hiyo ni mojawapo iliyo wazi.

Tume ya mwaka 1924

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza, falsafa ya Hampton iliwasili rasmi. Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulituma tume iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton. Mwafrika pekee aliyejulikana sana ndani yake alikuwa James Aggrey kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Ujumbe wa tume ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake: afya, kilimo, ufundi wa nyumbani, maisha ya kijiji. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya tropiki uliofuata mwelekeo uleule. Mwaka huohuo, huko Kabete nchini Kenya, ilifunguliwa Shule ya Jeanes, iliyowaandaa walimu wa kwenda vijijini kufundisha, pamoja na mambo mengine, bustani na usafi wa makazi.

Kwenye karatasi, mambo hayo ni mazuri. Nani atakataa elimu inayoendana na mazingira? Lakini lazima tuulize mazingira hayo yalikuwa yapi. Kenya, ambako shule ya Jeanes ilifundisha bustani, ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu, na kwa miaka mingi Mwafrika wa nchi hiyo alizuiwa kulima kahawa, zao lililokuwa na fedha. Hapo ndipo maneno "elimu inayoendana na mazingira" yanapopata maana yake kamili: mazingira yalikuwa yamekwisha kupangwa na mtu mwingine, na elimu ilikuja kumsaidia Mwafrika ayazoee. Kwa Tanganyika ngazi zilionekana kwa namna nyingine. Shule ya kijiji ilipewa bustani, ilhali Shule ya Tabora, ambayo mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, iliandaa watu wa utawala. Mzazi yeyote mwenye macho aliona ngazi hizo mbili zinaelekea wapi.

Wazazi walijibu. Miongoni mwa madai ya vuguvugu la shule huru za Wakikuyu katika miaka ya 1930 yalikuwamo masomo ya Kiingereza na elimu kamili ya vitabu. Maofisa walisema Waafrika wameshikwa na tamaa ya ukarani. Lakini tamaa hiyo ilikuwa hesabu. Katika uchumi wa kikoloni karani alipata mshahara, na kijana mwenye cheti cha bustani alirudi kwenye kipande kilekile cha ardhi alichokiacha.

Kilimanjaro: walimu wasio na shule

Sasa linganisha na Kilimanjaro wa wakati huohuo. Wachagga walikuwa na bustani zao karne nyingi kabla ya tume yoyote. Kihamba ni mfumo kamili wa kilimo cha bustani: miti mirefu juu, migomba chini yake, mboga na viazi chini zaidi, mbolea ya mifugo ikirudishwa ardhini, na maji yakiletwa kwa mifereji kutoka mtoni. Kahawa ilipoingia na Wachagga wakaachwa wailime na kuiuza, waliipenyeza kati ya migomba yao. Walowezi walilalamika. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 ili kulinda haki yao ya kulima kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU.

Hawa hawakuhitaji kuhubiriwa kuhusu heshima ya jembe. Walitafuta wenyewe miche bora, dawa za magonjwa na njia za kuikoboa na kuikausha kahawa vizuri. Na fedha ya kahawa ilitumika kujenga madarasa na kulipa karo, kwa hiyo jembe na kitabu havikuwa maadui. Mkoa uliolima kwa bidii ukawa pia mkoa uliosoma kwa bidii. Tofauti ya Kilimanjaro na Umatumbi haikuwa tabia ya watu. Ilikuwa mwenye mavuno.

Mwaka 1967 na kilichofuata

Mwalimu Nyerere aliijua historia hii. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alianza na ukweli mgumu: kwa takwimu alizotoa, ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliopata nafasi ya sekondari, lakini shule nzima iliendeshwa kana kwamba wote watakwenda. Hivyo akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe na kila shule iwe na shamba lake.

Wengi hukumbuka sehemu hiyo na kusahau nyingine. Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba na kuamua juu ya matumizi ya kipato chake. Alitaka wafanye majaribio, waweke kumbukumbu, wajadili kwa nini sehemu moja imestawi na nyingine haikustawi. Kwa maneno mengine, aliliona jembe kama chombo cha kufikiri na shamba kama jamii ndogo yenye kujitawala. Hapo ndipo alipotofautiana na tume ya 1924, ingawa kwa mtazamo wa juu juu wote walikuwa wakisema mtoto alime.

Utekelezaji ulichukua njia nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote na kusisitiza kazi za uzalishaji shuleni, na shule zikatarajiwa kuchangia gharama zake. Shamba lililokusudiwa kuwa darasa likageuka kuwa kasma ya bajeti. Uandikishaji ulipopanda haraka, walimu hawakutosha, achilia mbali walimu wanaojua kilimo. Vizazi kadhaa vya Watanzania vinajua kilichobaki: siku ya kuja na jembe na kidumu cha maji, bustani ya mwalimu iliyomwagiliwa na wanafunzi, na mchelewaji aliyepewa adhabu ya kulima matuta. Mtoto aliyepewa jembe kwa sababu amekosa hawezi kuamini kesho yake kwamba jembe hilohilo ni fursa. Somo hilo tulilifundisha vizuri mno.

Si kila kitu kilipotea. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden vilifundisha kilimo na ufundi kwa watu wazima waliokuja kwa hiari. Tengeru, karibu na Arusha, palikua kuwa kitovu cha utafiti na mafunzo ya bustani. Sekondari za mchepuo wa kilimo zilitoa wataalamu wengi. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA. Penye nia ya mwanafunzi na mwalimu anayejua, kazi iliendelea.

Onyo la Foster

Mwaka 1965, miaka miwili kabla ya waraka wa Nyerere, msomi Philip Foster aliandika kuhusu Ghana hoja ambayo bado inawakera wapanga sera. Alisema mtaala haubadilishi matarajio ya vijana. Matarajio hutokana na jinsi uchumi unavyolipa kazi mbalimbali. Ukiongeza vipindi vya kilimo bila kubadili kipato cha mkulima, utapata vijana waliosoma kilimo wanaotafuta kazi za ofisini. Unaweza kubishana na Foster katika mengi. Mimi hubishana naye kwa kuwa aliiachia soko kazi nyingi mno, wakati soko lenyewe hupangwa na serikali, kama wakulima wa kahawa walivyojua. Lakini kiini cha onyo lake kimethibitishwa na historia niliyoieleza.

Bustani inafundisha nini hasa?

Kabla ya kurudi kwenye sera ya leo, tuiheshimu fani yenyewe. Mafunzo ya awali ya bustani si kuchimba tu. Mwanafunzi hujifunza kuandaa kitalu na kusia mbegu kwa kina kinachofaa, kupandikiza mche jioni ili jua lisiunyaushe, kutengeneza mboji, kuweka matandazo, kupogoa, kubebesha mwembe au mparachichi ili uzae mapema na kwa ubora unaotakiwa. Hujifunza kumtofautisha mdudu mharibifu na mdudu rafiki, kusoma lebo ya kiuatilifu na kuheshimu siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna. Hujifunza kuvuna nyanya bila kuichubua, kuipanga kwa madaraja na kukokotoa gharama. Ndani yake mna biolojia, kemia, hesabu na biashara. Anayeiita fani ya waliofeli hajawahi kubebesha mche ukashika.

Aidha, tuna maarifa ambayo mitaala ilichelewa kuyaona. Mnavu, mgagani, mchicha, kisamvu na matembele vimetunzwa na mama zetu kwa vizazi vingi, mbegu zikihifadhiwa jikoni. Kwa muda mrefu bustani ya mfano ya shule ilipendelea kabichi na karoti, na mwanamke aliyejua aina tano za mnavu hakuitwa mtaalamu. Leo watafiti wa Arusha wanazikusanya na kuziboresha mbegu za mboga hizo za asili. Ni haki, na imechelewa.

Maswali kwa watumishi wa umma, na kwa vijana

Kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wa safu hii wamo maofisa elimu, maofisa kilimo na wakufunzi, naomba nihitimishe kwa mambo ambayo historia inatudai.

La kwanza ni mavuno. Shule yenye mkondo wa amali iandike wazi, kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, mazao yatauzwaje, fungu lipi linarudi kwenye mafunzo, lipi ni la wanafunzi, na nani anakagua hesabu. Wanafunzi wawemo katika kamati hiyo. Na bustani iondolewe kabisa katika orodha ya adhabu.

La pili ni njia. Kijana wa mkondo wa amali lazima aone ngazi inayopanda kutoka cheti hadi stashahada hadi shahada, bila mlango wa siri uliofungwa katikati. Tutajua kama mkondo huu ni wa heshima siku watoto wa wakurugenzi na wahadhiri watakapoonekana ndani yake. Ukijaa watoto wa maskini peke yao, tutakuwa tumerudi Bagamoyo: wachache kwenye vitabu, waliobaki kwenye jembe.

La tatu ni ardhi na maji. Mhitimu wa bustani asiye na robo ekari wala chanzo cha maji ni fundi asiye na karakana. Ardhi ya vijiji husimamiwa na halmashauri za vijiji chini ya Sheria ya mwaka 1999, na mara nyingi kijana, hususan msichana, hubaki akisubiri urithi. Wizara ya elimu haiwezi kulitatua hilo peke yake. Halmashauri zinazotenga maeneo ya vijana na kuyapelekea maji zinafanya kazi ya elimu hata kama hazijui.

Kwa vijana, msikubali kuambiwa kwamba swali la mavuno ni utovu wa nidhamu. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kumsifu mkulima. Katika historia niliyoisimulia imekuwa pia maelezo ya msiba wake. Mnapopewa jembe jipya, lipokeeni, maana fani ni nzuri na nchi inahitaji kula. Kisha ulizeni orodha ya walaji, na majina yenu yamo ukurasa wa ngapi.